Maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, na Jinsi Jina Lake Lilivyoenea Duniani



Katika kila misioni ya nchi yetu wamo watu waitwao Fransisko. Wengine huitwa François kwa namna ya Kifaransa, na wasichana huitwa Fransiska, Françoise au Francine. Padri anapoandika jina hilo katika kitabu cha ubatizo, hakuna anayeshangaa, wala hakuna anayeuliza maana yake. Limekuwa kama njia pana ambayo wote huipita bila kukumbuka ni nani aliyeifyeka kwanza.

Lakini ulikuwako wakati ambapo jina hilo halikujulikana sana. Katika miji ya Italia, zaidi ya miaka 800 iliyopita, wazazi Wakristu waliwapa watoto wao majina ya Yoane, Petro, Yakobo, Bernardo au Anjelo. Francesco lilikuwa neno la kumwita mtu wa Ufaransa, yaani Mfaransa. Mtu aliyeitwa hivyo alionekana kana kwamba amepewa jina la utani kuliko jina la kweli. Basi, jina adimu namna hiyo lilipataje kuenea katika dunia nzima? Halikuenezwa na mfalme wala na tajiri. Lilienezwa na maisha ya mtu mmoja maskini, aliyeishi miaka 44 tu au 45. Maisha yake ndiyo tutakayoyaeleza hapa.

1. Mtoto mwenye majina mawili

Assisi ni mji mdogo katika jimbo la Umbria, katikati ya Italia, nao umejengwa juu ya mteremko wa mlima Subasio. Hapo alizaliwa mtoto huyo katika mwaka 1181 au 1182. Baba yake aliitwa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye mali nyingi. Mama yake aliitwa Pica.

Siku mtoto alipozaliwa baba hakuwako nyumbani. Alikuwa safarini Ufaransa kwa ajili ya biashara, maana huko yalikuwako masoko makubwa ambapo wafanyabiashara wa Italia walinunua nguo nzuri. Mama alimpeleka mtoto kanisani akabatizwa, naye akampa jina la Yoane kwa heshima ya Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Hata baba aliporudi kutoka safari, akaanza kumwita mwanawe Francesco, na watu wote wa mji wakamfuata.

Sisi wenyewe twaifahamu desturi ya namna hiyo. Kwetu pia mtoto aliyezaliwa wakati wa safari huitwa Safari, na yule aliyeleta furaha baada ya taabu huitwa Furaha au Bahati. Pietro aliipenda nchi ile iliyomtajirisha, akaliweka jina lake juu ya kichwa cha mtoto. Mama alimtafutia mwanawe mwombezi mbinguni, na baba akampa jina lenye harufu ya soko na ya nguo mpya. Wakati ule hakukuwako mtakatifu aliyejulikana kwa jina la Fransisko. Tukumbuke neno hilo, maana tutalirudia mwishoni.

2. Ujana wake

Fransisko alisomeshwa katika shule ya kanisa la Mtakatifu Jorji, akajua kusoma na kuandika Kilatini kidogo. Alijifunza pia lugha ya Kifaransa, na tangu hapo, kila moyo wake ulipojaa furaha, aliimba kwa Kifaransa. Jina lake na ulimi wake vilipatana.

Alipokua alimsaidia baba yake dukani. Alijua kuuza, lakini alijua zaidi kutumia. Alivaa mavazi ya thamani, akawaalika vijana wenzake kula na kunywa, na usiku walizunguka mjini wakiimba. Baba alinung'unika kwa sababu ya fedha, lakini aliona fahari pia kwamba mwanawe alikaa kama mtoto wa mabwana wakubwa.

Hata hivyo moyo wake haukuwa mgumu. Siku moja, duka lilipojaa wanunuzi, maskini mmoja aliingia akaomba sadaka kwa ajili ya mapendo ya Mungu. Fransisko akamfukuza. Mara dhamiri ikamchoma: kama mtu yule angekuja kuomba kwa jina la bwana fulani mkubwa, bila shaka angalimpa upesi. Akaacha wateja, akamkimbilia maskini njiani na kumpa fedha, akaazimu kwamba tangu siku ile hatamnyima tena yeyote aombaye kwa jina la Mungu.

Katika mwaka 1202 ilitokea vita kati ya Assisi na mji jirani wa Perugia. Fransisko naye alikwenda kupigana. Watu wa Assisi walishindwa karibu na Collestrada, naye akakamatwa, akakaa kifungoni Perugia karibu mwaka mzima. Alipofunguliwa aliugua muda mrefu. Alipopata nafuu alitoka nje kutazama mashamba na vilima alivyovipenda tangu utoto, lakini havikumpa tena furaha ya zamani.

Akadhani kwamba dawa yake ni sifa ya vita. Katika mwaka 1205 akanunua farasi na silaha nzuri, akaondoka kwenda kusini, katika nchi ya Apulia, ili apate cheo cha askari mkuu. Hakufika mbali. Katika mji wa Spoleto alisikia usingizini sauti ikimwuliza kama ni afadhali kumtumikia bwana au kumtumikia mtumishi wake, na ikamwamuru arudi kwao. Alirudi. Fikirini aibu yake: kijana aliyeagwa na mji mzima kwa shangwe anarudi baada ya siku chache, bila vita na bila sifa.

3. Mkoma, msalaba na baba

Fransisko aliogopa wakoma kupita kitu chochote. Alipoona nyumba yao kwa mbali aliziba pua. Siku moja, akiwa juu ya farasi katika bonde la Assisi, alimkuta mkoma njiani. Akashuka, akampa fedha, akambusu. Baadaye akaenda kukaa nao na kuwaosha vidonda. Karibu na kufa kwake, alipoandika wosia wake, habari ya wakoma ndiyo aliyoitaja kwanza. Alikiri kwamba Bwana mwenyewe alimwongoza kwao, na kwamba jambo lililokuwa chungu kwake liligeuka kuwa tamu rohoni na mwilini. Wongofu wake, kwa hesabu yake mwenyewe, ulianza hapo.

Nje ya mji kulikuwa na kanisa dogo la San Damiano, lililokuwa karibu kuanguka. Alipokuwa akisali humo mbele ya picha ya Yezu msulubiwa, alisikia sauti ikimwagiza aitengeneze nyumba ile iliyokuwa ikibomoka. Akafahamu kwamba ni habari ya mawe na chokaa. Akaenda dukani kwa baba yake, akachukua vitambaa vizuri, akavipeleka katika mji wa Foligno akaviuza, na farasi pia akamwuza. Fedha akamletea padri wa San Damiano, lakini padri akakataa kuzipokea kwa kumwogopa Pietro.

Hapo ugomvi ulianza. Pietro alimkamata mwanawe akamfungia nyumbani gizani. Alipokwenda safari, mama akamfungulia. Mwishowe baba akampeleka mbele ya Askofu Guido, katika mwaka 1206, akidai mali yake na kutaka kijana akane urithi. Askofu akamwambia Fransisko arudishe fedha, kwa kuwa Eklezia haiwezi kujengwa kwa mali iliyopatikana kwa njia isiyo haki. Fransisko akarudisha fedha. Kisha, mbele ya watu wote, akavua hata nguo zake, akaziweka miguuni pa baba yake, na kutangaza kwamba tangu siku ile Baba yake ni yule wa mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake.

Wanafunzi wetu huuliza mara nyingi: Je, Fransisko alivunja amri ya nne? Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Kuuza vitambaa visivyo vyake lilikuwa kosa, hata kama kusudi lilikuwa jema, ndiyo maana Askofu alimwamuru arudishe. Lakini mtu akiitwa na Mungu, wazazi hawana ruhusa ya kumzuia, na mtoto akimtii Mungu kwanza hawadharau wazazi wake. Fransisko hakumtukana baba yake wala hakumdai kitu.

Tena tumhurumie Pietro pia. Mtoto aliyemlea kwa gharama kubwa, aliyemtarajia kuwa mrithi wa duka, sasa aliombaomba chakula katika njia zile zile za mji wao. Alipokutana naye alimlaani. Laana ya baba ilimwumiza Fransisko sana, hata akamtafuta mzee mmoja maskini afuatane naye. Kila Pietro alipolaani, Fransisko alipiga magoti mbele ya mzee yule, naye alimbariki kama baba ambarikivyo mwanawe. Habari za kale hazisemi kwamba hao wawili walipatana.

Lakini angalieni jambo moja. Fransisko alimrudishia baba yake fedha, nguo, urithi na nyumba. Kitu kimoja tu hakukirudisha, nacho ni jina. Angeweza kujiita tena Yoane, jina la ubatizo wake. Akabaki Fransisko mpaka kufa, na jina lile alilolipenda yule mfanyabiashara likapita mahali ambapo vitambaa vyake visingefika kamwe.

4. Ndugu Wadogo

Fransisko alijenga upya San Damiano kwa mikono yake, akiomba mawe kwa watu. Kisha akatengeneza kanisa la Mtakatifu Petro, na kikanisa cha Bikira Maria wa Malaika kiitwacho Porziuncola, bondeni chini ya mji. Katika kikanisa hicho, mwaka 1208 au 1209, alisikia katika Misa Evanjili ambayo Yezu anawatuma mitume bila dhahabu, bila mfuko, bila kanzu mbili. Mara akavua viatu, akatupa fimbo, akajifunga kamba kiunoni.

Mtu wa kwanza kumfuata alikuwa Bernardo wa Quintavalle, tajiri wa mji ule ule, aliyeuza vitu vyake vyote na kuwagawia maskini. Wakaja Pietro Catani, mjuzi wa sheria, na Egidio. Walipokuwa 12 pamoja na Fransisko, walikwenda Roma katika mwaka 1209, na Papa Inosenti wa Tatu akaikubali kwa mdomo kanuni yao fupi.

Aliwaita wenzake Ndugu Wadogo. Katika miji ya Italia wakati ule watu walihesabiwa kuwa wakubwa au wadogo, nao wakubwa na wadogo walipigana vita mara kwa mara. Fransisko, aliyetamani kuwa mkubwa, akachagua upande wa wadogo. Ndugu walifanya kazi za mikono, waliwatunza wakoma, walihubiri toba na amani. Fedha hawakuruhusiwa hata kuzigusa. Fransisko aliona kwamba mwenye mali atahitaji silaha za kuilinda, na mwenye silaha hawezi tena kuhubiri amani.

Katika mwaka 1212, usiku baada ya Dominika ya Matawi, msichana wa ukoo bora wa Assisi, Klara, aliondoka nyumbani kwao akaja Porziuncola. Fransisko alimkata nywele ishara ya kujitoa kwa Mungu. Klara na wenzake walikaa San Damiano, na toka kwao ilizaliwa shirika la Masista Waklara. Walikuja pia watu wenye ndoa na kazi zao, nao wakapewa njia ya kumfuata Kristu nyumbani mwao. Hao ndio mwanzo wa Utaratibu wa Tatu, ambao una wafuasi hata katika maparokia yetu.

5. Safari yake kwa Sultani

Katika mwaka 1219 majeshi ya Wakristu wa Ulaya yalikuwa yakiuzingira mji wa Damietta huko Misri, karibu na mdomo wa mto Nili. Wengi waliuawa pande zote mbili. Fransisko alifika kambini, akavuka mistari ya vita pamoja na ndugu mmoja aitwaye Illuminato, bila silaha, akaenda mbele ya Sultani al-Malik al-Kamil.

Sultani alimpokea kwa heshima na kumsikiliza. Hakubatizwa, wala Fransisko hakupata kufa shahidi kama alivyotamani. Walizungumza, kisha Sultani akamrudisha salama kambini kwa Wakristu. Vita viliendelea, na watu wenye busara ya dunia waliona labda kwamba safari ile ilikuwa bure. Lakini katika kanuni ya mwaka 1221 Fransisko aliandika kwamba ndugu wanaokwenda kukaa kati ya Waislamu wasifanye ugomvi wala mabishano, wawe watumishi wa watu wote kwa ajili ya Mungu, na waungame kwamba ni Wakristu. Neno hili latufaa sana sisi tunaokaa Maniema, Kisangani au Bujumbura, ambako jirani ya mlango wetu aweza kuwa Mwislamu.

6. Miaka ya mwisho

Fransisko aliporudi Italia aliwakuta ndugu wamekuwa elfu kadhaa, na fitina zimeanza. Wengine walitaka nyumba kubwa na vitabu vingi, wengine walitaka kanuni iliyo rahisi. Katika mwaka 1220 aliacha uongozi, akamwachia Pietro Catani, naye mwenyewe akaahidi kutii. Tarehe 29 Novemba 1223 Papa Honori wa Tatu alithibitisha kanuni ya Ndugu Wadogo, ambayo yafuatwa mpaka leo.

Noeli ya mwaka ule ule alikuwa katika kijiji cha Greccio. Akaagiza waandae hori lenye majani makavu, na ng'ombe na punda kando yake, ili watu waone kwa macho yao umaskini wa mtoto Yezu. Wanakijiji walikuja na mienge usiku. Kila tunapojenga pango la Noeli katika kanisa letu, kwa matete au kwa udongo, twaendeleza desturi aliyoipandisha yeye.

Katika Septemba 1224, akisali juu ya mlima La Verna, alipata mikononi, miguuni na ubavuni alama za majeraha ya Kristu. Alizificha kadiri alivyoweza. Macho yake, yaliyougua tangu safari ya Misri, yakaharibika hata hakuweza kuvumilia mwanga. Waganga wa wakati ule walimchoma kwa chuma cha moto karibu na jicho, bila kumfaa.

Katika giza hilo ndipo alipotunga, mwaka 1225, wimbo wake wa kumsifu Mungu pamoja na viumbe, katika lugha ya watu wa kwao. Jua akaliita kaka, mwezi akauita dada, na vivyo hivyo upepo, maji, moto na ardhi. Asiyeweza tena kulitazama jua alilisifu. Askofu na mkuu wa mji wa Assisi walipogombana, akaongeza maneno kwa ajili ya wale wanaosameheana, akawatuma ndugu wauimbe mbele yao, nao wakapatana.

Alipoona kifo kimekaribia alitaka kupelekwa Porziuncola. Akaomba alazwe uchi juu ya ardhi tupu, kama alivyosimama siku ile mbele ya Askofu. Akafa jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Kwa hiyo mwaka 2026 ni wa 800 tangu kufa kwake. Sikukuu yake ni tarehe 4 Oktoba.

7. Jina linaenea

Hata miaka miwili haijatimia, tarehe 16 Julai 1228, Papa Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu. Tangu siku hiyo jina la Fransisko lilikuwa na mwombezi mbinguni, na wazazi wakaanza kulitafuta kwa ajili ya watoto wao.

Katika mji wa Paola, kusini mwa Italia, walikuwako mume na mke waliokaa miaka mingi bila mtoto. Walimwomba Mtakatifu wa Assisi, na katika mwaka 1416 walipata mtoto wa kiume, wakamwita Fransisko. Huyo ndiye Mtakatifu Fransisko wa Paola. Katika mwaka 1506 alizaliwa Fransisko Xaveri, mmisionari mkuu, ambaye katika mwaka 1542 alitia nanga Malindi, katika pwani ya Kenya ya leo, akielekea India. Katika mwaka 1567 alizaliwa Fransisko wa Sales, askofu na mwalimu wa kanisa. Kabla yao, katika mwaka 1384, alizaliwa Fransiska wa Roma, mama wa nyumba na mtakatifu. Hivyo jina moja lilizaa mengine, kama mgomba uotavyo machipukizi kandokando yake. Msomaji aitwaye Fransisko na awaulize wazazi wake ni nani kati ya hao aliye mwombezi wake.

Kwetu Afrika watoto wa Mtakatifu Fransisko walifika zamani. Mapadri Wakapusini, ambao ni tawi la Ndugu Wadogo, waliingia katika ufalme wa Kongo mwaka 1645. Katika karne ya 20 Wafransisko kutoka Ubelgiji walifanya kazi kubwa Katanga. Mmoja wao alikuwa Padri Placide Tempels, aliyefika mwaka 1933, akatoa katika mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Toka kwake lilianza kundi la Jamaa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Frans, yaani Fransisko.

Tusisahau tena kwamba jina hilo liliwahi kufichwa katika nchi hii. Katika mwaka 1972 serikali ya Zaire ya Rais Mobutu iliamuru watu waache majina ya Kikristu na kutumia ya mababu tu. Akina Fransisko wengi walibaki na jina lao nyumbani na katika sala. Baada ya mwaka 1990 lilisikika tena wazi shuleni na ofisini.

Mwishowe, tarehe 13 Machi 2013, Kardinali Jorge Mario Bergoglio wa Argentina alichaguliwa kuwa Papa, akachukua jina la Fransisko kwa kuwakumbuka maskini. Kati ya Mapapa 265 waliomtangulia, hakuna hata mmoja aliyewahi kulichukua. Alifika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, akasoma Misa katika uwanja wa Ndolo mbele ya watu zaidi ya milioni moja, akawapokea pia watu wa mashariki waliojeruhiwa na vita, akawasikiliza. Alifariki tarehe 21 Aprili 2025.

8. Mafundisho kwetu

Siku hizi wazazi wengi hutafuta jina ambalo hakuna mtoto mwingine anayelo. Wengine huunganisha nusu ya jina la baba na nusu ya jina la mama, wengine huchukua jina la mchezaji wa mpira au la mtu wa sinema. Tusiwacheke, wala tusiwaache bila shauri. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, yataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristu. Haikatazi jina la kabila, wala jina geni. Kabla ya kuamua, wazazi wajiulize: Jina hili lina maana gani? Mtoto atalifurahia akiwa mzee? Ni nani atakayemwombea mbinguni?

Lakini habari ya Fransisko yatufundisha jambo kubwa zaidi. Jina lake lilikuwa la sokoni tu, na maisha yake ndiyo yaliyolitakatifuza. Jambo kama hilo limetokea kwetu pia. Anuarite ni jina la kwetu, wala halikuwamo katika kalenda ya watakatifu. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda usafi wake, na katika mwaka 1985 Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa. Leo wapo wasichana wanaobatizwa kwa jina la Anuarite, na mama zao hulitamka kama sala.

Basi, wewe mwenye jina linalojulikana na wote, usidhani kwamba jina litakuokoa bila matendo. Na wewe mwenye jina ambalo mwalimu hushindwa kulitamka, usilionee aibu. Mtakatifu wa kwanza wa jina lako pengine hajapatikana bado. Kwa nini usiwe wewe?

Maswali kwa wanafunzi

1. Ni nani aliyempa Fransisko jina la Yoane, na ni nani aliyemwita Fransisko?
2. Kwa nini Askofu Guido alimwamuru arudishe fedha za baba yake?
3. Fransisko alimwendeaje Sultani, na alirudije?
4. Jina lako lina maana gani, na ni nani aliyekuchagulia?